Maswali na Majibu: Halmashauri yenye fedha kidogo ianzie wapi kuwalinda waenda kwa miguu na waendesha baiskeli?

SWALI

Ndugu Mhandisi, mimi ni mjumbe wa kamati ya miundombinu katika halmashauri ya mji mdogo. Katika miaka miwili iliyopita tumeweka vibao vya kuwaonya madereva, tumepaka upya vivuko, tumeendesha wiki ya usalama barabarani shuleni na kugawa fulana zinazoakisi mwanga. Hata hivyo watu wanaendelea kugongwa, hasa katika barabara moja pana inayopita kati ya shule na soko, na waendesha baiskeli wengi wameacha kuitumia kwa hofu. Barabara hiyo si yetu; inasimamiwa na wakala wa barabara wa serikali kuu. Je, halmashauri inaweza kufanya nini chenye matokeo, ianzie wapi, na itajuaje kama kilichofanyika kimesaidia?

JIBU

Ndugu mjumbe, hatua zote mlizozitaja zinafanana kwa jambo moja: zinamwomba mtu abadili mwenendo wake huku barabara yenyewe ikibaki vilevile. Kibao kinamtaka dereva apunguze mwendo katika barabara ambayo kwa upana na unyoofu wake inamwalika kukimbia, na fulana inamfanya mtoto aonekane na dereva ambaye, hata akimwona, huenda hana tena umbali wa kutosha wa kusimama. Elimu ina kazi yake na isiachwe, lakini haiwezi kuziba pengo lililoachwa na usanifu. Nguvu kubwa ya halmashauri katika suala hili ni kubadili umbo la barabara pale watu wanapovukia, na huko ndiko ninakoshauri fedha yenu ya kwanza iende.

Mwendo wa magari ndio mzizi wa tatizo, na naomba tuifanye hesabu yake hapa, kwa kuwa itakusaidia mbele ya madiwani wenzako. Tuseme dereva ni makini, breki ni nzima, lami ni kavu, na inamchukua sekunde moja tangu anapomwona mtoto akiingia barabarani hadi breki zinapoanza kushika. Akiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika sekunde hiyo anakwenda mita 8 na ushei, kisha breki zinamsimamisha ndani ya mita nyingine 5 hivi. Jumla ni kama mita 13. Akiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde hiyohiyo inampeleka karibu mita 14 kabla breki hazijaanza kufanya kazi. Kwa hiyo mtoto aliye umbali wa mita 13 na nusu ananusurika mbele ya dereva wa kwanza, lakini dereva wa pili atamgonga kwa mwendo wake wote bila kuwa amepunguza hata kidogo. Tena nishati ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka 30 hadi 50, ambapo mwendo umeongezeka kwa theluthi mbili tu, nishati inayomwangukia mtu inakaribia kuwa mara tatu. Hakuna fulana inayoweza kuirekebisha hesabu hiyo.

Msimamo huu si wangu peke yangu. Azimio la Stockholm la mwaka 2020, lililotolewa katika mkutano wa mawaziri kuhusu usalama barabarani duniani, lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa katika maeneo ambayo magari yanachanganyika mara kwa mara na waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, isipokuwa pawepo na ushahidi madhubuti kwamba mwendo mkubwa zaidi ni salama. Mji wa Graz nchini Austria ulikwisha kuweka kikomo hicho tangu mwaka 1992 katika karibu barabara zake zote zisizo kuu, na mwaka 2021 Hispania ilikifanya kuwa sheria ya nchi nzima kwa barabara za mijini zenye njia moja ya magari kila upande.

Lakini kikomo kilichoandikwa kwenye kibao pekee hakitoshi. Lazima barabara yenyewe imlazimishe dereva kukifuata. Kifaa ninachokipendekeza kwa eneo la shule na soko ni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye mgongo bapa, ambalo juu yake ndipo watu wanapovuka. Huinuliwa kwa sentimita 7.5 hadi 10, likalingana na njia ya waenda kwa miguu pande zote mbili, na kwa kila upande magari hulipanda kupitia mteremko wa mita 1 hadi 1.5. Faida yake ni mbili kwa pamoja: gari linapunguza mwendo hasa pale penye hatari, na mwenye kiti cha magurudumu au anayesukuma kigari cha mtoto anavuka bila kushuka wala kupanda ukingo. Msikubali badala yake tuta fupi lenye ncha kali, kwa sababu linaumiza abiria wa basi na wagonjwa walio kwenye gari la kubebea wagonjwa, na madereva hulikwepa kwa kupitisha gurudumu moja pembezoni, palepale mtu wa baiskeli anapopita. Jambo lingine ambalo wakandarasi hulipuuza ni maji. Tuta lililojengwa kutoka ukingo hadi ukingo bila kuachiwa mfereji hugeuka kuwa bwawa mvua ikinyesha, watu hulikwepa dimbwi kwa kuvukia mahali pengine, na fedha yenu inakuwa imepotea. Ulizieni mchoro wa mifereji kabla ya kuidhinisha malipo, na hakikisheni tuta lina rangi, alama za tahadhari na taa ya usiku.

Upana wa barabara nao unahitaji kushughulikiwa. Tuchukue barabara ya mita 14. Mzee anayetembea mita 0.9 kwa sekunde anahitaji takriban sekunde 16 kuivuka, na muda wote huo anatakiwa kuyakadiria magari ya pande mbili kwa wakati mmoja. Mkijenga kisiwa cha mita 2 katikati, anavuka mita 6 huku akitazama upande mmoja, anapumzika, kisha anamalizia mita 6 nyingine. Kisiwa kisiwe chembamba kuliko mita 2, kwa sababu baiskeli ina urefu wa karibu mita 1.8, na kikiwa kifupi gurudumu litabaki limechomoza kwenye njia ya magari. Kama barabara ina njia mbili za magari kila upande, tahadhari ni kubwa zaidi: gari la njia ya kwanza husimama kwa wema, likamficha mtu anayevuka, na gari la njia ya pili humgonga bila kumwona. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba katika barabara za namna hiyo zenye magari mengi, mistari ya kivuko iliyopakwa peke yake, bila kisiwa, taa wala kitu cha kupunguza mwendo, inaweza kuambatana na ajali nyingi zaidi kuliko pasipo na mistari. Hii inaweza kueleza kwa nini kupaka upya vivuko vyenu hakukuzaa matunda.

Kabla ya kuamua kivuko kiwe wapi, mhandisi wenu akae barabarani asubuhi shule inapofunguliwa na tena soko linapojaa, achore kwenye ramani kila mstari ambao watu wanaufuata kuvuka. Mara nyingi ushahidi uko wazi hata pasipo watu: nyasi za kando zimekufa na udongo umekanyagwa ukawa mgumu, mita 40 au 50 kutoka kivuko rasmi kilipo. Kivuko kihamie huko. Kujenga uzio wa kuwalazimisha watu wazunguke huongeza tu idadi ya wanaoruka uzio, na wanaoshindwa kuruka ni wazee na walemavu.

Kazi ya bei nafuu kuliko zote ni kufungua macho ya makutano. Gari lililoegeshwa kwenye kona humzuia dereva kumwona mtoto hadi mtoto awe tayari yuko barabarani. Pigeni marufuku maegesho ndani ya mita 6 hadi 10 za kila kivuko na kila kona, kisha lindeni nafasi hiyo kwa nguzo za plastiki, vyungu vikubwa vya maua vya kimo cha chini au maegesho ya baiskeli, maana rangi peke yake itaegeshewa juu yake ndani ya wiki. Mji mdogo wa Hoboken, jimbo la New Jersey nchini Marekani, umefanya hivyo kona baada ya kona sambamba na hatua nyingine, na kuanzia mwaka 2017 ulikwenda miaka saba mfululizo bila kifo cha ajali ya barabarani. Wakati huohuo, punguzeni mviringo wa kona: kona pana humruhusu dereva kukata bila kupunguza mwendo, na kona kali humlazimisha karibu kusimama. Mnaweza kuijaribu kwa rangi na nguzo kwa miezi kadhaa, mkaona lori la taka linavyopita, ndipo mkajenga kwa zege.

Kuhusu baiskeli, kanuni ninayoifuata ni hii: penye magari machache na mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, baiskeli na magari vinaweza kutumia barabara moja, vinginevyo, baiskeli itengwe kwa kizuizi halisi. Mstari mweupe haumzuii mtu. Ubaya wake huongezeka unapochorwa kando ya magari yaliyoegeshwa, kwa kuwa mlango ukifunguliwa unachukua karibu mita nzima ya njia, na mwendesha baiskeli ama anaugonga ama anayumba kuelekea kwenye magari. Njia ya upande mmoja iwe na mita 2 kama nafasi ipo. La muhimu zaidi, njia ziungane. Mji wa Seville nchini Hispania ulipoanza mwaka 2006 haukujenga kipande hapa na kipande pale. Ulijenga mtandao wa takriban kilomita 80 uliotengwa na magari na ulioungana, ndani ya miaka michache, na matumizi ya baiskeli yakaongezeka mara kadhaa. Kwa mji wenu kilomita mbili zinazofika mlangoni mwa shule na sokoni zinatosha kuanzia, mradi zisikatike kwenye makutano, mahali zinapohitajika zaidi.

Matengenezo ni sehemu ya usalama, ingawa hayana sherehe ya kuzinduliwa. Mfuniko wa mtaro wenye mianya inayoelekea uelekeo wa safari humeza gurudumu jembamba na kumtupa mtu kichwa mbele. Kuugeuza ili mianya ikate njia ni kazi ya siku moja. Mchanga ukifagiliwa na taa zilizoungua zikibadilishwa, mtaokoa watu wengi zaidi ya mnavyodhani. Njia ya waenda kwa miguu nayo ibaki na mita 1.8 zisizo na nguzo, matangazo, bidhaa wala pikipiki zilizoegeshwa, na hapo sheria ndogo za halmashauri zinawapa meno. Wafanyabiashara wapangiwe eneo lao nje ya mita hizo, maana wakifukuzwa bila kuonyeshwa pa kwenda watarudi.

Mtajuaje kama imesaidia? Pimeni kabla na baada, na msitegemee idadi ya ajali peke yake. Katika mji mdogo ajali katika eneo moja ni chache, na mwaka mmoja mbaya mara nyingi hufuatwa na mwaka wenye nafuu hata pasipofanyika lolote. Mkichagua eneo kwa sababu ya mwaka mbaya, nafuu hiyo ya kawaida mtaidhania kuwa ni kazi yenu. Tumieni takwimu za miaka mitatu hadi mitano, na ziombeni hospitalini pamoja na polisi, kwa sababu mtu aliyeanguka na baiskeli na kuvunjika mkono bila kugongana na gari mara nyingi haandikishwi polisi. Kipimo kinachotoa jibu mapema ni mwendo: chukueni ule ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi, mkaupime tena miezi mitatu baada ya ujenzi. Ukishuka kutoka 55 hadi 32, mmefanikiwa hata kabla takwimu za ajali hazijakamilika. Hesabuni pia waendesha baiskeli, mkiwatofautisha wanawake, watoto na wazee, kwa kuwa hao huwa wa kwanza kuikimbia barabara ya hatari na wa mwisho kuirudia.

Umebaki ugumu wa umiliki. Barabara kuu si yenu, lakini midomo ya barabara za pembeni zinazoingia humo kwa kawaida ni yenu, na mnaweza kuanza nayo bila kumwomba mtu. Kwa barabara yenyewe, pelekeni kwa wakala andiko fupi lenye ramani ya mistari ya kuvuka, vipimo vya mwendo na takwimu za hospitali, mkaomba ukaguzi wa usalama wa barabara ufanywe kwa pamoja. Ulizeni pia ni lini itawekwa lami mpya. Wakati huo mistari yote hupakwa upya hata hivyo, kwa hiyo kupunguza njia ya magari kutoka mita 3.5 hadi 3.25, na nafasi inayopatikana kuwapa waendesha baiskeli au kisiwa cha katikati, hakuongezi gharama kubwa. Andiko lenu liwafikie kabla zabuni haijatangazwa, kwa sababu mkandarasi akishasaini mkataba, kila mstari unaohamishwa unadaiwa kama kazi ya ziada.