Mwisho wa maombi ukae juu: kuonyesha taarifa za ziada za posti kwenye WordPress

Anayefungua tangazo la kazi huwa anatafuta vitu vinne kabla ya kusoma kingine chochote: nani anaajiri, kituo cha kazi kiko wapi, unatakiwa uzoefu wa miaka mingapi, na mwisho wa kutuma maombi ni lini. Blogu nyingi za ajira huvifukia vitu hivyo katikati ya maelezo, au huvirundika vyote kwenye kichwa cha habari mpaka kichwa kinafika mistari mitatu kwenye simu. Mimi naendesha blogu ya aina hiyo kwa WordPress, na ushauri wangu wa kwanza kwa anayeanza ni huu: taarifa inayojirudia kwenye kila tangazo usiiandike ndani ya maelezo. Ihifadhi peke yake, themu (faili zinazopanga mwonekano wa tovuti) ndiyo iionyeshe.

Mahali pa kuihifadhi papo tayari. Kwenye hifadhidata kuna jedwali liitwalo `wp_postmeta`, ambamo kila taarifa ni jina na thamani yake, vikiwa vimefungwa kwenye namba ya posti. Kwenye kihariri kilichokuja na toleo 5.0 mwaka 2018 kisanduku chake kimefichwa: bofya vitone vitatu juu kulia, ingia Preferences, washa Custom fields, na ukurasa ukishajipakia upya utakiona chini ya posti. Majina yawe mafupi na yaandikwe vilevile kila mara. Mimi natumia `mwajiri`, `kituo`, `uzoefu` na `mwisho_wa_maombi`. Jina lisianze na kistari cha chini, maana WordPress hulihesabu kuwa la ndani na halitaonekana kwenye kisanduku hicho.

Sasa, watu hukimbilia msimbo, lakini kinachoamua kama kazi itakuwa nyepesi au la ni namna unavyoandika thamani. Tarehe iandike `2025-03-14`, siyo "Ijumaa, tarehe 14 Machi". Ya kwanza kompyuta inaweza kuilinganisha na kuipanga. Ya pili ni maneno tu. Uzoefu uandike `2`, neno "miaka" liongezwe na themu. Kama mnapandisha matangazo wawili au watatu, kubalianeni hili mapema, kwa sababu siku mkitaka kupanga matangazo kwa tarehe itabidi mtu akae arekebishe posti moja moja.

Kabla ya kugusa faili lolote la themu, tengeneza themu tanzu, yaani themu ndogo inayorithi kutoka kwenye ile unayotumia, ambayo ndiyo themu mama. Ni folda yenye `style.css` ambayo ndani yake kuna mstari wa `Template:` wenye jina la folda ya themu mama. Nakili humo `single.php`, faili linaloonyesha posti moja, na ufanyie kazi nakala hiyo. Ukihariri themu mama moja kwa moja, toleo jipya likiingia kila ulichoandika kinafutika. Themu nyingi siku hizi hazina kitu cha maana ndani ya `single.php`, hiyo inaita tu faili lingine lililo kwenye folda ya `template-parts`. Lifuate huko, na ulinakili likiwa kwenye folda ya jina lilelile.

Msimbo wenyewe ni mfupi. Uweke ndani ya mzunguko wa posti (loop), juu ya `the_content()` inayotoa maelezo ya tangazo; kituo na tarehe yenyewe viongeze kwa mtindo uleule wa mwajiri:

```php
<?php
$id      = get_the_ID();
$mwajiri = get_post_meta( $id, 'mwajiri', true );
$uzoefu  = get_post_meta( $id, 'uzoefu', true );
$mwisho  = get_post_meta( $id, 'mwisho_wa_maombi', true );

if ( '' !== $mwajiri ) {
    echo '<p>Mwajiri: ' . esc_html( $mwajiri ) . '</p>';
}
if ( '' !== $uzoefu ) {
    echo '<p>Uzoefu (miaka): ' . esc_html( $uzoefu ) . '</p>';
}
if ( '' !== $mwisho && $mwisho < wp_date( 'Y-m-d' ) ) {
    echo '<p class="imefungwa">Muda wa maombi umepita.</p>';
}
?>
```

Ile `true` ya mwisho usiisahau. Bila hiyo unarudishiwa orodha badala ya thamani, na kwenye ukurasa litatokea neno `Array`, ambalo limewasumbua wengi.

Utaona nimeandika `'' !== $uzoefu`, wakati mafunzo mengi hutumia `! empty( $uzoefu )`. Kwenye PHP, `empty` huihesabu sifuri kuwa ni kitu kitupu. Tangazo lisilohitaji uzoefu wowote, lile hasa ambalo mhitimu wa mwaka huu analitafuta kwa udi na uvumba, thamani yake ni `0`. Ukitumia `empty`, mstari huo hautoki kabisa, na wala hutapata ujumbe wa kosa wa kukushtua.

Saa nayo ina mtego wake. WordPress huiweka PHP kwenye saa ya kimataifa (UTC), kwa hiyo `date()` ya kawaida iko nyuma yetu kwa saa tatu. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, tangazo lililokwisha jana litaendelea kuonekana liko wazi. `wp_date()`, iliyoingia na toleo 5.3, hufuata saa ya tovuti, mradi kwenye mipangilio umechagua Dar es Salaam au Nairobi. Na kama una plagini ya kache, ile inayohifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka, ukurasa uliohifadhiwa unaweza kubaki vilevile hata baada ya tarehe kupita. Punguza muda wa kache kwenye matangazo.

`esc_html`, inayozuia alama zisisomwe kama msimbo wa HTML, si pambo. Majina ya waajiri tunayanakili kutoka kwenye PDF na barua pepe, na humo huja alama za kila namna. Kiungo cha kutuma maombi kipitishe kwenye `esc_url`, inayosafisha viungo. Vilevile, ukikuta mafunzo ya zamani yanakwambia uandike `the_meta()` upate kila kitu kwa mkupuo, yapite; fankisheni hiyo imeshastaafishwa tangu toleo 6.0.2.

Wenye themu za vitalu (blocks), zile zisizo na `single.php`, njia yao ni tofauti. Kuanzia toleo 6.5 la mwaka 2024 kitalu cha aya kinaweza kuunganishwa na taarifa ya posti, ilimradi uwe umeisajili kwa `register_post_meta` na `show_in_rest` iwe `true`. Kwa kuonyesha jina la mwajiri inatosha sana. Kwa sharti kama la tarehe kupita, mimi bado naona shotikodi ndogo (neno la mabano unaloweka kwenye ukurasa ili liite msimbo wako) ndani ya `functions.php` ya themu tanzu ina usumbufu mdogo zaidi.

Ukishazoea, utataka ukurasa wa matangazo yanayokaribia kufungwa. Kwenye `WP_Query`, inayochagua posti kwa masharti yako, weka `meta_key` iwe `mwisho_wa_maombi`, `meta_value` iwe `wp_date( 'Y-m-d' )`, `meta_compare` iwe `>=` ili yaliyokwisha kufungwa yasiingie, `orderby` iwe `meta_value`, na `order` iwe `ASC`. Posti isiyo na tarehe hiyo haitatokea kwenye orodha hata kidogo, kwa hiyo matangazo yasiyo na ukomo yatengenezee orodha yake.