Maswali ya Wasomaji: Lyme Imetibiwa, Mbona Hajapona?

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu. Baba watoto alikuwa kazini Ujerumani. Huko aliumwa na kupe, uso ukapooza upande wa kushoto, na usiku mgongo ukawa hauna huruma. Walimtoa maji ya mgongo, wakasema ni Lyme, ugonjwa wa vijidudu vinavyoletwa na kupe, na umeingia kwenye neva, akatundikiwa dripu ya antibiotiki ya seftriaksoni gramu 2 kwa siku, siku 21. Sasa ni miezi saba, yuko nyumbani. Akitembea hadi stejini anarudi hoi, anasahau majina ya vitu, na nyayo zinamchoma. Alipimwa damu tena hapa, kingamwili bado zipo. Ameshauriwa achomwe sindano miezi mitatu zaidi. Tuuze ng'ombe?
Mama wa watoto wawili, Lanet, Nakuru

JIBU: Mama, ng'ombe abaki zizini.

Dozi aliyopewa ni kamili. Kingamwili hukaa katika damu miaka mingi hata baada ya vijidudu kufa, kwa hiyo kipimo hicho hakisemi kama amepona. Marekani walikwisha kulijaribu wazo hilo la miezi mitatu na kuchapisha matokeo mwaka 2001: siku 30 za dripu, kisha siku 60 za vidonge. Waliopewa dawa hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa dawa bandia. Madhara yapo, tena si madogo: mshipa wenye mpira wa dripu huweza kuingia vijidudu, seftriaksoni huweza kuacha vijiwe kwenye nyongo, na tumbo huweza kuharisha vibaya.

Kinachomsumbua sasa huenda ni neva zinazojijenga upya. Uzi wa neva uliokufa huota kama milimita 1 kwa siku, na kutoka kiunoni hadi unyayoni ni karibu mita nzima. Piga hesabu. Bahati nzuri, mara nyingi kilichoharibika ni ganda la nje tu, na hilo hupona mapema zaidi.

Hata hivyo, si kila uchovu ni wa Lyme. Apimwe sukari, damu, tezi ya thairoidi, vitamini B12, VVU na kaswende. Kama anameza metformini ya kisukari, B12 isisahaulike, kwa sababu dawa hiyo huishusha, na upungufu wake huleta ganzi na usahaulifu kama huo huo. Muulize pia kuhusu usingizi. Anayekoroma na kukatika pumzi huamka amechoka, na hakuna dawa ya Lyme itakayomsaidia.

Sasa mwendo. Wengi hukosea siku wanapojisikia vizuri: mtu analima nusu shamba, kisha analala siku tatu. Aanze na kiasi asichokilipia kesho yake, tuseme dakika 10 mahali tambarare, asubuhi na jioni, siku mbaya na siku nzuri vilevile. Aandike kwenye daftari ameamkaje. Wiki ikipita bila kuzidiwa, aongeze dakika 2. Akizidiwa, arudi hatua moja. Kazi ya kichwa aifanye asubuhi, dakika 25 kisha apumzike, na usingizi wa mchana usivuke nusu saa.

Kwa nyayo, daktari anaweza kuanza na amitriptilini, dawa ya kutuliza maumivu ya neva, miligramu 10 jioni na kupandisha polepole. Hukausha mdomo, na haimfai kila mwenye shida ya moyo, presha ya jicho au mkojo unaoziba. Maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko, na nyayo azikague kila jioni. Jeraha kwenye ganzi halipigi kelele.

Jicho likiwa halifumbi sawasawa, vumbi la Nakuru litalikwaruza. Atie matone ya machozi bandia mchana, na usiku apake marhamu na kulifunga kwa plasta laini. Mazoezi ya uso ayafanye mbele ya kioo, taratibu. Kutafuna chingamu kwa nguvu, kama majirani wanavyopenda kushauri, huweza kuzoesha neva vibaya, akitabasamu jicho linajifunga.

Homa yenye shingo kukakamaa, mguu kuishiwa nguvu ghafla, mkojo kuziba au kuona vitu viwili viwili: hospitali siku hiyo hiyo.

SWALI: Je, kupe wa ng'ombe wetu huku Njoro wana Lyme?

JIBU: Kupe wa Lyme ni wa misitu na nyasi za Ulaya, Amerika Kaskazini na sehemu za Asia. Yule wa kahawia masikioni mwa ng'ombe wako hubeba ndigana. Lakini kupe wa hapa pia huweza kumletea mtu homa, hasa ikiwa palipoumwa pana kigaga cheusi. Mng'oe kwa kibanio chembamba, karibu kabisa na ngozi, ukivuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na njiti ya kiberiti viache jikoni.