Pumzi ya Mtoto Itafutwe Kwenye Mpira

Jarida limeuliza wiki hii: kwa watoto na vijana wanaojifunza soka, muda wa mazoezi uende zaidi kwenye kujenga pumzi au kwenye ufundi wa mpira? Nafundisha watoto wa chini ya miaka 13, na msimamo wangu ni huu: hadi mtoto amalize kile kipindi cha kurefuka kwa kasi, pumzi yake itafutwe akiwa na mpira. Kila robo saa anayozungushwa uwanja bila mpira ni robo saa aliyoibiwa.

Hoja yangu imesimama juu ya muda. Timu ya watoto inayokutana mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, ina saa tatu tu. Toa muda wa kukusanyika, kufunga kamba za viatu, kunywa maji na kusikiliza maelezo, uone kinachobaki. Kocha akianza kwa raundi za uwanja, kisha pushapu, kisha mbio za kupanda na kushuka, nusu saa imekwenda na hakuna mtoto aliyegusa mpira. Atakapougusa atakuwa amechoka, na hapo ndipo anatakiwa ajifunze kuupokea kwa mguu wa kushoto huku akiangalia nyuma ya bega lake. Mtoto aliyechoka hutumia mguu uleule aliouzoea. Hajaribu kitu kipya.

Wanaotetea mbio hupenda kutaja utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2001 na Jan Helgerud na wenzake, na wana haki ya kuutaja kwa sababu ni utafiti mzuri. Vijana wa umri wa miaka 18 hivi walikimbia dakika nne mara nne, mapigo ya moyo yakiwa asilimia 90 hadi 95 ya kilele chao, mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki nane. Umbali waliokimbia katika mechi uliongezeka kwa asilimia 20, na mara walizohusika na mpira ziliongezeka kwa asilimia 24. Lakini tazama vizuri: wiki nane! Kijana wa miaka 18 aliyekuwa na upungufu wa pumzi aliupunguza ndani ya miezi miwili. Nani amewahi kumfundisha kijana wa miaka 18, asiye na kontroo, kuutuliza mpira wa juu kwa miezi miwili? Kinachopatikana upesi ukubwani kinaweza kusubiri. Kinachohitaji miaka kianze mapema.

Tena hata hiyo pumzi haihitaji kutengwa na mpira. Mwaka 2006 Franco Impellizzeri na wenzake walichapisha matokeo ya wachezaji vijana waliogawanywa makundi mawili: wengine walikimbia mbio za vipindi (kukimbia kwa nguvu, kupumzika, kisha tena), wengine wakacheza mechi ndogo zilizopangwa ziwe na ukali uleule. Pumzi iliongezeka kwa makundi yote mawili, bila tofauti ya maana. Ikiwa njia mbili zinafika mahali pamoja na moja kati yake inamfundisha mtoto kupiga pasi, kunyang'anya na kuamua, sioni sababu ya kuchagua nyingine.

Neno "zilizopangwa" lisisahaulike. Mechi ndogo ya ovyo haimjengi mtu. Mimi hupanga watatu kwa watatu katika eneo dogo, magoli madogo bila kipa, na mipira ya akiba nje ya mstari pande zote. Mpira ukitoka, mwingine unaingizwa papo hapo. Kipindi ni dakika tatu, halafu mapumziko mafupi, halafu tena. Ukisimama karibu utaona yanayotokea. Aliyepoteza mpira anageuka palepale kumkimbiza aliyemnyang'anya, maana wako watatu tu na akisimama wenzake wamezidiwa. Kufikia dakika ya pili midomo iko wazi, mikono inataka kwenda kiunoni, na bado yule mdogo kuliko wote anapiga kelele aletewe pasi. Ukimwambia huyo akimbie mfululizo uwanja mzima kwa nguvu ileile, atakwambia mguu unauma.

Wenzangu tunaotetea ufundi nao nina neno nao, kwa sababu wengi wetu tunapoteza muda uleule kwa njia nyingine, nayo ni foleni. Watoto 12 nyuma ya koni moja, mpira mmoja, kila mmoja anakokota kwa sekunde 10, kisha anarudi nyuma kusubiri karibu dakika mbili. Wanasukumana, wanachezea nyasi, na kocha anaita hayo mazoezi ya ufundi. Hapo hakuna pumzi wala ufundi. Koni zenyewe hazinyang'anyi mpira, kwa hiyo mtoto anaweza kuzizunguka mwaka mzima na bado akababaika beki wa kwanza anapomjia. Kila mtoto awe na mpira wake mwanzoni mwa mazoezi, na mapema iwezekanavyo awe na mpinzani mbele yake.

Najua malalamiko ya wazazi: "Timu ile nyingine inatukimbiza, watoto wetu wanakufa kipindi cha pili." Mara nyingi hiyo timu nyingine ina watoto watatu waliotangulia kukua. Wana miguu mirefu, wanapiga mpira mbele na kuufuata. Wanashinda leo. Miaka michache baadaye wengine watawafikia kwa kimo na faida hiyo itakwisha. Luka Modrić, kiungo wa Croatia, alikataliwa utotoni na klabu ya Hajduk Split kwa kuonekana mdogo na mwepesi mno, na mwaka 2018 alichukua Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya uchovu wa kipindi cha pili hutokana na kuufukuza mpira uliopotea kwa mguso mbaya. Timu inayojua kuutunza mpira humchosha mpinzani.

Lipo zoezi la mwili bila mpira ambalo silipunguzi hata siku moja, nalo ni la kuzuia majeraha. Programu ya 11+ Kids, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, ina kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likiwa limekunjwa kidogo na kuelekea upande wa vidole vya mguu, kujishikilia kwa mikono kama daraja, na kujifunza kuanguka bila kuumia. Ilipojaribiwa kwa watoto wa Uswisi, Ujerumani, Uholanzi na Jamhuri ya Cheki, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha majeraha yamepungua kwa karibu nusu. Ni dakika 15 hadi 20, na inatosha kuwa ndiyo kupasha misuli moto.

Kisha kuna kile kipindi cha kurefuka, ambacho kwa kawaida hufikia kilele karibu na miaka 12 kwa wasichana na 14 kwa wavulana. Mtoto aliyekuwa na kontroo safi anaanza kujikwaa kwa sababu miguu yake si ile ya mwaka jana. Maumivu yanajitokeza chini ya goti au kwenye kisigino, sehemu ambazo mifupa bado inakua na misuli inaivuta. Hapo ukiongeza raundi na kurukaruka unamuumiza. Punguza mzigo, mwachie mazoezi mepesi ya mpira, mwulize kila siku kama kuna panapouma. Hali hiyo ikipita, karibu na miaka 15 au 16, zile dakika nne mara nne zina mahali pake, na kijana ataziweza.

Na kukimbizwa kama adhabu kukomeshwe kabisa. Aliyechelewa anapewa raundi tano, aliyepoteza penalti anapewa tatu, kisha kocha huyohuyo analalamika kwamba vijana wake hawapendi kukimbia. Kwangu anayechelewa anaingia katikati ya duara: wanne nje wanapasiana, wawili ndani wanauwinda mpira, na yeye ndiye wa kwanza kuuwinda. Anakimbia vya kutosha, anajifunza kusoma pasi inapoelekea, na akiunasa anatoka.