Jibu: Kutu chini ya Prado, nipake lami?

Kaka, umesema umeona kutu kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, ya Prado yako, kila Jumapili uko ufuoni Diani, na fundi anataka kukupakia lami nyeusi chini yote. Usikubali haraka.

Lami juu ya kutu inaficha tu. Ikipata ufa, maji ya chumvi hupenya nyuma yake yakakaa humo, nawe kwa nje unaona weusi wa kupendeza. Chesisi yangu niliidunga kwa bisibisi karibu na gurudumu la nyuma, ikazama kama kwenye biskuti iliyolowa chai.

Anza kwa kuosha, tena siku ileile utokayo pwani. Tumia maji ya bomba: visima vingi hapa Mombasa vina chumvi, utakuwa unairudisha. Ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya chesisi mpaka mchanga uishe kutoka, maana kutu mbaya huanzia ndani. Iache ikauke kabisa, siku mbili za jua. Halafu brashi ya waya, dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, praima (rangi ya kwanza ya kushikiza), kisha rangi yenyewe. Ndani ya chesisi puliza nta nyepesi inayopenya, na urudie kila mwaka.

Na kupaka oili chafu ya injini? Rahisi, najua, lakini inaharibu raba za bushi, zile za kwenye maungio ya chini ya gari, na itakuchafulia uwanja mzima. Na chochote utakachopuliza, funika kwanza breki na ekzosi.