Dada wa Uswidi, mimi nilianza na mwalimu nikaishia kwenye tambi za taa

Dada, umesema mko mji mdogo huko Uswidi, hekalu hakuna, na wanao wa miaka 7 na 11 wanaita puja, ibada yetu ya nyumbani, "mambo ya bibi". Unauliza uwatafutie mwalimu wa Kigujarati mtandaoni au uwapeleke India wakakae miezi sita. Nikueleze yaliyonipata, maana vyote viwili nimevionja.

Nimezaliwa Kisutu, Dar. Pale mtoto hafundishwi Uhindu. Jioni kengele za aarti, ibada ya taa, zinaingia dirishani, jirani analeta prasad, chakula kilichotolewa kwanza kwa Mungu, basi umeshajua. Nilipohamia Leicester, Uingereza, mwaka 1999 nilijiona nimefika nyumbani kwa mlango wa nyuma. Belgrave Road imejaa maduka ya sari na mithai, vitamu vyetu, na Diwali, sikukuu ya taa, barabara nzima inawashwa taa. Nikajua wanangu watakua kama nilivyokua mimi.

Wapi! Mwaka wa kwanza wa shule binti yangu akaanza kuficha chakula chake cha mchana. Nikashtuka, nikamwandikisha darasa la Kigujarati la Jumamosi. Masaa mawili ya ka, kha, ga, gha, wenzake wako uwanjani. Mwisho wa mwaka herufi alizijua, na alichukia kila kinachoandikwa kwa herufi hizo. Siku moja akaniuliza kwa nini tunawasha diya, taa ndogo ya ibada, kila jioni. Nikamjibu, "Ndivyo tunavyofanya." Akasema hilo si jibu. Kweli halikuwa jibu.

Nikampigia Ba, mama yangu, Dar, nimlalamikie. Akacheka. "Kwani mimi nilikufundisha lini? Mimi nilikuwa nakutuma tu."

Nikakumbuka: kachukue maua, kapeleke prasad kwa shangazi, sokota tambi. Nikaacha kufundisha, nikaanza kutuma. Mdogo wake wa kiume, alikuwa na miaka 6, nikampa pamba awe msokota tambi za taa wa nyumba. Za kwanza zilikuwa nene kama kidole na zilitoa moshi, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Binti nikampa prasad, kuanzia kupika hadi kugawa. Mtu mwenye kazi huuliza maswali mengine kabisa: kwa nini samli na si mafuta, kwa nini Mungu anaanza kupewa ndipo sisi tule. Nisipojua nasema sijui, tunampigia Ba.

Diwali baba yao hufanya chopda pujan, ile ya kubariki vitabu vya hesabu. Marehemu babu yao dukani alikuwa na daftari jekundu. Sisi tunaweka kompyuta mpakato mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa utajiri, na kuipaka kumkum, unga mwekundu wa ibada. Usicheke, ndiyo inayotulisha.

Navratri nayo, sikukuu ya usiku tisa wa garba, ngoma ya kuzunguka duara. Hapa hatutumii nguvu, watoto wenyewe wanataka kucheza. Binti alipouliza kwa nini tunazunguka chungu chenye taa ndani, nilikuwa na jibu: neno garba linatokana na garbha, tumbo la uzazi, na taa ndani yake ni uhai. Alinyamaza muda mrefu. Darasa la Jumamosi halikuwahi kumnyamazisha hivyo.

Kuna kitu nilikikata kwa makusudi. Binti alipovunja ungo, mama mmoja wa ukoo alimwambia asiguse mandir, madhabahu yetu ya nyumbani, akiwa kwenye siku zake. Mimi niliambiwa hivyohivyo nikatii. Kwake nilisema hapana, na prasad ya jioni ile aliipika yeye. Wapo walioacha kula kwangu kwa muda. Sijutii.

India sasa. Tulikwenda Jamnagar, mji wa Gujarat, kwa harusi, wiki tatu. Siku ya pili mwanangu anamwomba shangazi "sufuria", watu wanatazamana. Anataka "mogo", yaani muhogo, wa kukaanga, hakuna anayemwelewa. Maskini alijua hicho ndicho Kigujarati! Kumbe nusu ya jikoni kwetu ni Kiswahili. Ndipo nikawaeleza jinsi ukoo wetu ulivyovuka bahari hadi Afrika Mashariki, wakasikiliza kuliko somo lolote. Sasa mchezo wao ni kumchanganya mgeni: Kigujarati dada ni babu, kaka ni baba mdogo, na mama ni mjomba. Kwa hiyo nenda India, lakini nenda kwenye harusi. Miezi sita ya shule watakuwa wageni darasani kule, kisha warudi wawe wageni Uswidi.

Sitakudanganya kwamba nimeshinda. Kijana wangu anakula nyama akiwa nje, na kusoma Kigujarati hawezi. Ila Raksha Bandhan iliyopita, sikukuu ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, dada yake alikuwa mji mwingine, akamtumia uzi kwa posta. Aliufunga mwenyewe kwa meno, akanitumia picha bila mimi kuuliza.

Mwalimu wa mtandaoni mweke akiba mpaka wamwombe wenyewe. Anza na taa. Novemba huko kwenu jua linazama alasiri, giza lenyewe litakusaidia kueleza. Samli ukikosa, chukua siagi isiyo na chumvi, iyeyushe kwa moto mdogo hadi povu liishe na masimbi yaanze kuwa kahawia chini, uchuje. Tambi mwachie wa miaka 7. Yule wa 11 mpe kiberiti, ukae karibu.