Ua wa makuti unalala kila kusi likiingia, nitie mabati?

SWALI: Asalam aleikum. Mie nakaa Jambiani, siku hizi watu wanakatisha uani kwetu mpaka mtu huwezi kufua wala kukaa bila ya mtandio. Mume wangu alizungusha ua wa makuti, kusi lilipoingia tu upande mzima ukalala chini. Kuna fundi ananambia nitie mabati nimalize kazi, tofali kwa sasa hatuziwezi. Tunataka tujenge wenyewe, tufanyeje? (Mama Watoto, Jambiani)

JIBU: Waaleikum salaam bibie. Mabati weka kando kwanza. Hapo mlipo chumvi ya bahari italila mapema, halafu bati halipitishi upepo, likishikwa na kusi ni tanga hilo, nguvu yote inakwenda kwenye nguzo. Makuti yanapumua, upepo mwengine unapita na mwengine unabaki, kwa hivo mie naona tatizo lenu si makuti, ni nguzo. Huko kwenu ardhi ni mawe matupu, mtu akipiga mtaimbo akakuta mwamba futi moja tu anachoka anasema basi yatosha, na ua wa futi sita hausimami kwa shimo la futi moja, hata ufunge vipi.

Chimbeni futi mbili kwenda chini, na pakiwa mchanga mchanga ongezeni nusu futi. Mkikuta mwamba msishindane nao, sogezeni shimo kidogo pembeni mana mawe ya huko yana mifuko mifuko ya udongo, si lazima nguzo zote zipishane sawasawa, ila zisizidi futi sita baina yake. Yale mawe mliyoyatoa msiyatupe, ndo dawa yenyewe: simamisha nguzo, tia mawe makubwa chini pande zote, yagonge kwa kichwa cha mtaimbo mpaka nguzo ukiisukuma kwa bega haichezi, ndo utie madogo na udongo, shindilia tena, kidogo kidogo mpaka juu. Mwisho inua udongo uwe kama kichuguu ili maji ya masika yakimbie yasikae kwenye mti.

Nguzo tumieni mvinje. Najua watu wanapenda boriti za mikoko, lakini mikoko inalindwa, kuikata kunataka kibali, na tukiimaliza bahari inakuja mpaka mlangoni, tafadhali sana muiacheni. Mvinje mchwa wanaupenda kwa hivo ule upande wa kwenda chini uchomeni moto mpaka ngozi iwe nyeusi, ukipoa pakeni lami, na ipande juu ya usawa wa ardhi kama shibiri moja, mana pale pale ardhini ndo mti unapooza mwanzo.

Fito tatu, chini, kati na juu. Makuti chukueni ya kumba, yale ya kuti lililosukwa, ya viungo yanayoshonwa kwenye kijiti ni ya kuezekea. Anzeni chini mpande juu, la juu lilalie la chini, na funga kwa kamba ya kumbi si misumari, misumari ya kawaida inaliwa na chumvi na makuti yanachanika pale pale. Chini acheni nafasi ndogo, panga mawe yaliyobaki, kuku hawapiti na makuti hayagusi udongo. Upande wa jiko usiweke makuti kabisa, cheche moja tu inatosha.

Na kabla ya shimo la mwanzo mwite jirani muoneshane mpaka, sheha akiwepo ndo vizuri zaidi. Makuti mtayabadilisha kila baada ya muda, nguzo zikiwa imara hiyo ni kazi ya kutwa moja tu.

SWALI: Nataka ua wa miti hai, nimeambiwa mnyaa unashika haraka. Nina watoto wadogo. (Msomaji, Wete)

JIBU: Kushika unashika, lakini kwa watoto hapana, nakuomba sana. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa, na mtoto hawezi kuacha kukata kata vitawi. Ukiwa nao tayari na jicho likapatwa, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu na umkimbize hospitali hapo hapo. Wewe panda mihina, vipande vya matawi, futi moja moja, masika yakianza. Mwanzoni utaona kama haiendi, ikifika magotini ikate ncha ndo itoe matawi ya pembeni na izibe, usiione huruma. Na majani yake hukosi wa kuyataka, arusi zikikaribia utagongewa mlango.