Barabara ya Pompeii yenye jina la makosa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeangalia picha za Pompeii, ule mji wa kale wa Kirumi huko Italia uliofukiwa na volkano, na ile barabara yake kubwa, Via dell'Abbondanza, nimeona katikati ya njia wameweka mawe makubwa kama matuta hivi. Sasa mikokoteni ilikuwa inapitaje? Na hilo jina maana yake nini? Na je, mji wote wameshauchimba?

JIBU: Marahaba mwanangu, umeniletea maswali matatu kwa mpigo, twende taratibu.

Nianze na jina maana linachekesha. Abbondanza ni Kiitaliano, neema, utele. Wachimbaji walikuta kwenye barabara hiyo chemchemi ya maji ya mtaani yenye sanamu ya mwanamke kabeba pembe iliyojaa matunda, wakasema huyu ni Neema, basi barabara ikaitwa hivyo. Kumbe yule ni Concordia Augusta, mungu wa maelewano! Kosa likagunduliwa baadaye lakini jina lilishazoeleka, halitoki tena. Wenyewe walioishi pale mpaka volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79 baada ya Kristo wala hawakuijua kwa jina hilo.

Sasa mawe. Yale ni ya watu kuvukia. Pompeii ilikuwa na mitaro michache sana ya chini ya ardhi, na chemchemi za mtaani zilikuwa zinatiririka mchana na usiku, maji yanayomwagika yanashuka na barabara pamoja na maji ya mvua na uchafu wa majumbani na kinyesi cha nyumbu wa mikokoteni, yaani usingetaka kukanyaga humo na ndala zako. Ndo maana njia za pembeni za waenda kwa miguu zimeinuliwa juu, na ukitaka kwenda ng'ambo unaruka jiwe kwa jiwe. Mikokoteni ilipita kwasababu kati ya jiwe na jiwe wameacha nafasi ya magurudumu, ndo hapo hapo utaona mawe ya lava yamelika yakawa na mifereji. Mtafiti Eric Poehler alichunguza jinsi magurudumu yalivyosugua kingo za barabara na hayo mawe ya kuvukia, akaonyesha kwamba madereva wa enzi hizo walikuwa wanashika kulia, na mitaa mingine ilikuwa ya kwenda upande mmoja tu. Mwaka 2019 yeye na wenzake wakatoa jambo lingine ambalo mimi lilinishangaza zaidi, kwamba mashimo ya barabarani yalizibwa kwa chuma kilichoyeyushwa, matone yake yapo mpaka leo kwenye mawe. Ila usidhani mkokoteni ulifika kila mahali, ukikaribia ule uwanja mkuu wa mji unakuta mawe yamesimamishwa yanazuia, hapo unashuka unatembea.

Kuhusu uchimbaji, hapa ndo kuna utamu wenyewe. Kazi Pompeii ilianza 1748 na mwanzoni ilikuwa kama kutafuta hazina tu, wanatoboa, wanatoa sanamu, wanaondoka. Giuseppe Fiorelli aliyeshika usukani 1863 akaleta utaratibu, mji ukagawanywa kwa kanda na vitalu vyenye namba. Halafu 1911 akaja Vittorio Spinazzola, yeye akaamua kuifuata barabara hii hii kuelekea mashariki, hataki kurukia vyumba vya ndani, anataka sura ya mtaa: milango, roshani za ghorofani, michoro ya madukani, na yale matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa kwa rangi ukutani. Bila uvumilivu wake tusingejua kwamba kwenye kilabu cha Asellina kuna wanawake waliandikisha majina yao ukutani kumpigia debe mgombea, na wakati huo wanawake hawana hata kura!

Jengo mojawapo alilofukua, Schola Armaturarum, linalodhaniwa kuwa la chama cha kijeshi, lilipigwa na bomu kwenye vita 1943, likajengwa upya na kuezekwa zege, na Novemba 2010 likaanguka lote. Waitalia walipata aibu kubwa. Ikafuata programu kubwa ya ukarabati, mwaka 2019 watu wakaanza kuruhusiwa tena kuliona.

Kwa hiyo swali lako la mwisho: hapana, karibu theluthi moja ya mji bado ipo chini. Tena hapo hapo barabarani, upande wa kaskazini ukielekea lango la Sarno, Spinazzola alifukua nyuso za nyumba tu. Unaona ukuta, unaona matangazo, unaona mlango kabisa, ila ukichungulia ndani ni majivu na vijiwe vya volkano kutoka chini mpaka juu, nyumba ya mtu imekaa humo tangu mwaka 79 na hakuna aliyeingia sebuleni.